Mboga za Kunywa

Saa kumi na mbili kasoro, Mvara bado ina ukungu,
Driciru hajarudi kutoka zamu ya usiku.
Niko jikoni na kisu, na fungu la dodo la shilingi mia tano,
ndizi mbili zilizoiva mpaka zikatoka madoa,
nusu ya parachichi iliyobaki jana,
na mama mkwe wangu
amekaa kizingitini, ananitazama mikono.

Bodaboda ilimwangusha njia ya Ediofe.
Daktari akamfunga taya kwa waya, juu na chini,
kama mtu anavyofunga lango la mbuzi watundu,
akatupa karatasi: wiki sita, chakula cha majimaji.

Uji aliunywa siku nne.
Siku ya tano alikisukuma kikombe kwa kidole kimoja.
Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga;
hao wahenga hawakumjua mama mkwe wangu,
ambaye jina lake silitaji,
hata hapa, kwenye shairi.

Miaka kumi na mmoja tumeheshimiana kwa kupishana.
Akiingia uani, mimi natokea nyuma.
Salamu zetu zilibebwa na watoto
kama chumvi ya kuazima.
Sasa yeye hawezi kusema, mimi sijui pa kuanzia,
na kati yetu ipo blenda ya jirani,
kifuniko kimepasuka.

Naosha majani mara tatu.
Mchanga wa huku hauondoki kwa kuombwa mara moja.
Mashina nayatupa ndooni;
anagonga mlango kwa pete yake, ko, ko.
Nayaokota.
Naelekeza majani kwenye jagi: mabichi hivi?
Anafumba macho kama mtu aliyesikia tusi.
Basi nayachovya kwenye maji ya moto, nahesabu hadi ishirini,
yanageuka kijani kile cha magugu baada ya mvua.

Ndizi. Parachichi.
Tangawizi, kipande cha ukucha wa kidole gumba.
Maji yaliyochemshwa, kikombe kimoja, labda na nusu.
Limau nalisahau, nalikumbuka,
nalikamua, mbegu zinaingia zote,
naziwinda kwa kijiko, moja baada ya nyingine,
naye anazihesabu kwa kidevu.

Nabana kifuniko kwa kiganja, nawasha.
Blenda inanguruma, kuku wanatawanyika,
kijani kinapanda ukuta wa jagi,
kinashuka, kinapanda,
halafu kimya.
Umeme umekwenda zake.
Nusu ya majani bado ni majani.

Anaitazama taa. Ananitazama mimi.
Mabega yake yanaanza kutikisika:
anacheka, na waya hazimruhusu,
amelishika taya kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka.
Nami nacheka, Mungu anisamehe,
nacheka kwa sauti mbele ya mkwe.

Nachuja kwa chujio la chai,
nakandamiza kwa mgongo wa kijiko mpaka mkono unakufa ganzi.
Nampa kikombe kwa mikono miwili, uso nimeuelekeza ukutani.
Mrija unapita kwenye pengo la jino la zamani.
Anavuta. Anatulia. Nasikia kuku wakirudi.
Anavuta tena, hadi mrija unakwaruza chini,
na juu ya mdomo wake inabaki alama ya kijani
ambayo sithubutu kumwonyesha.

Kila alfajiri hivyo, umeme ukiwepo au usipokuwepo.

Wiki ya sita wanazikata waya.
Driciru amemshika mkono, anangoja sala,
au shukrani, au jina la mjukuu.
Mama anaufungua mdomo taratibu, kama mlango wa stoo,
anaujaribu, anaufunga, anaufungua,
ananigeukia mimi, moja kwa moja, mbele za watu:
"Ile mboga yako," anasema.
"Siku zote hizo.
Hukutia chumvi."